Mwalimu Emile na Rulade Aliyoikataa

Aliviringika! Tate Emile, babu yetu, aliviringika katikati ya kiwanja, mama yake anamuangalia, na mama akapiga vigelegele mupaka shule yote ikasikia! Ngojeni niwaelezee. Tate mwenyewe alitusimulia hii mara mia, na kila mara alianza kucheka mbele hatujacheka sisi.

Ilikuwa mwaka 1956, wakati wa Wabelji. Tate alikuwa kijana wa miaka makumi mbili na moja, ametoka Lusangi, mwalimu mupya kwa shule moja ya misioni Kasongo, wangali wanamujaribu. Jimunastiki aliipenda, jamani! Asubuhi anapanga watoto: miguu pamoja, mikono kwa kiuno, chuchumaa, simama. Kisha mushumaa: unalala mugongo, miguu juu sawasawa, mikono inashika kiuno. Watoto wanaanguka huku na huku, yeye anacheka nao.

Lakini rulade, ile ya kuviringika kwa mbele, hakuifundisha hata siku moja. Kwao mutu anaviringika chini siku ya kilio tu. Ukiviringika na hakuna mufu, basi unaita kifo kwenu. Na mama yake, Anastasie, alikuwa mugonjwa wa kifua kule Lusangi.

Mukubwa wa shule, Fidèle, akamwambia: "Emile, siku ya ine, Alhamisi hii, inspekta anakuja. Rulade iko kwa programu. Asipoiona, unarudi kulima muhogo."

"Basi nitalima."

"Weye kichwa nguvu! Watoto wanakupenda vile, utawaacha juu ya kuviringika?"

 Siku ya mungu, ndiyo Jumapili, tate akapanda baiskeli mupaka Lusangi, akamueleza mama yote. Mama akacheka, akakohoa, akacheka tena.

"Mwana wangu, nani anamulilia mutu mwenye iko anamuangalia? Nipandishe kwa baiskeli yako. Nitakaa pale mbele. Weye viringika ukija kwangu."

Akamusukuma polepole siku mbili, wakifika kwa kilima mama anashuka anamutania.

Siku ya ine Anastasie iko kwa mukeka, mwisho wa kiwanja. Inspekta na karatasi zake. Tate akachuchumaa, mikono chini, kidevu kwa kifua, mugongo duara. Halafu akabaki vile vile. Hasogei.

"Emile!" mama akapiga kelele. "Ningali muzima! Kuja!"

Akasukuma miguu. Kichwa hakikugusa udongo, mabega ndiyo yaligusa, na akatokea amesimama mbele ya mama, majani yamejaa kwa nywele. Vigelegele! Watoto wote wakaviringika nyuma yake, mumoja akapotea njia akafika kwa viatu vya inspekta. Inspekta akaandika ndiyo. Tate akabaki mwalimu.

Mama akamwambia kwa sikio: "Siku nitakufa kweli, uviringike hivi hivi, vizuri. Si kama gunia."

Alipona, akaishi miaka kumi na tatu ingine. Siku ya kilio chake, watu wanajitupa chini ovyo, tate akavua koti. Akachuchumaa, kidevu kwa kifua, rulade moja safi, akasimama sawa mbele ya jeneza, miguu pamoja. Shangazi yake akasahau kulia, akapiga vigelegele.

Tafadhali, ukimaliza kusoma, mupitishie mwingine.