Zamu ya Mchana Nyumbani kwa Verna

Arlene Hudak alifanya kazi katika ofisi ya bima ya mji wetu miaka thelathini na mmoja, na kazi yenyewe ilikuwa kujaza fomu za watu walioibiwa majumbani. Fomu ile ina kisanduku kimoja kilichoandikwa "Saa ya tukio". Arlene anasema ukizipanga fomu zote alizojaza, za usiku hazifiki hata robo. Watu waliibiwa saa nne asubuhi wakiwa kazini, saa nane mchana wakiwa kwenye mechi ya mtoto. Waliibiwa jua linawaka, mbwa wa jirani anabweka na mtu wa posta anapita.

Ukitaka kumwona Arlene anawaka, mwambie unaogopa wezi wa usiku. Sisi wa Mtaa wa Sycamore tulimwasha kila siku. Jua likizama tu ungesikia makomeo yanagonga, nyumba baada ya nyumba, kuanzia kona ya kanisa mpaka darajani. Mimi mwenyewe, Emil Sabol, mwanamume mzima niliyestaafu kiwanda cha vioo, huegemeza kiti kwenye kitasa cha mlango wa jikoni kabla ya kupanda kulala. Asubuhi nakiondoa kiti, nafungua mlango wa gereji hadi juu kabisa, kisha mimi huyoo, naenda kunywa kahawa mjini mpaka mchana. Ngazi imo humo gerejini, nyundo imo, na ule mlango wa kutoka gereji kuingia jikoni haujawahi kufungwa kwa ufunguo tangu ninunue nyumba. Ufunguo wa mbele uko chini ya chura wa saruji, pambo la mlangoni. Karibu kila mtu mtaani ana chura wake.

Siku moja nilirudi nikamkuta Arlene amesimama katikati ya gereji yangu, mikono kiunoni.

"Emil, nimo humu dakika ishirini sasa. Nimekunywa maji jikoni kwako. Na choo nimetumia."

"Karibu tena."

"Usinitanie mie! Usiku unalala na kiti mlangoni, mchana unaiacha nyumba uchi."

"Arlene, mchana nani ataniibia? Watu wote wanaona."

"Watu gani? Haya, nitajie mmoja aliyeniona nikiingia."

Badala ya kukubali nikacheka, na nadhani kicheko kile ndicho kilichokuwa kinamchosha. Angegombana na mtu anayebisha. Anayecheka angemfanya nini?

Sasa, kwetu mtu akifa gazeti linaandika kila kitu: jina lake, watoto, wajukuu, misa saa ngapi, maziko wapi, chakula ukumbini baada ya maziko. Kwa hiyo yeyote anayejua kusoma anajua nyumba ipi haina mtu siku hiyo, na mpaka saa ngapi. Mama zetu walilijua hilo, na kila msiba ulikuwa na mtu wa kubaki nyumbani. Desturi ikafifia kidogo kidogo, ikabaki kwa Arlene peke yake. Hakuna aliyemchagua. Alikuwa akiuliza nani atabaki, watu wanatazamana, basi anabaki yeye.

Amekaa hivyo katika nyumba kumi na nne. Anawasha redio, anaketi, anapokea vyakula vinavyoletwa. Hapa kwetu mwanamke akipeleka chakula msibani hubandika utepe chini ya bakuli na kuandika jina lake, ili bakuli lirudi. Arlene huinua kila bakuli, husoma jina chini yake, huliandika kwenye karatasi. Amewazika rafiki zake wengi namna hiyo, akiwa jikoni kwao. Familia zikirudi zinamshukuru kwa kupanga vyakula vizuri.

Mwezi Machi mwaka jana akafa Verna Petrisko, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Verna na Arlene walikuwa pamoja tangu darasa la kwanza. Kila Jumatano walikunja pierogi, vile vifuko vya unga vya kuchemsha vyenye viazi ndani, kwenye meza moja na kugombana juu ya vitunguu, kimoja au viwili, na ugomvi huo ulidumu miaka arobaini bila mshindi. Safari hii Arlene alisema wazi kwamba anakwenda kanisani. Anataka benchi la mbele, anataka kuimba, anataka kulia mbele za watu. Akaanza kutafuta mtu wa kubaki nyumbani.

Alianza na Duane, mtoto wa pekee wa Verna, ambaye alikuja kutoka Cleveland na kulala nyumbani kwa mama yake wiki nzima ile.

"Shangazi Arlene, usijali," Duane alimwambia. Anamwita shangazi tangu utotoni. "Nimetia makomeo mawili mapya, na nalala na gongo la besiboli chini ya kitanda."

"Usiku umo ndani mwenyewe, Duane. Mimi nauliza Alhamisi saa tano asubuhi."

"Saa tano asubuhi tutakuwa kanisani wote."

"Ndiyo hiyo! Si ndiyo hiyo ninayoisema!"

Duane alijikuna kichwa. Ni kijana wa miaka hamsini, mpole, mzito wa maneno, lakini siku ile alisema jambo ambalo mtaa mzima tulikuwa tunalijua na hatujawahi kulitamka.

"Shangazi, nikwambie ukweli? Wa mchana anabeba televisheni, basi, anakwenda zake. Wa usiku ananikuta mimi, nimevaa chupi, gizani, sijui yuko chumba gani. Mimi siogopi kuibiwa. Naogopa kukutwa."

"Na pete ya mama yako? Na hiyo utanunua nyingine?"

Arlene aliniambia baadaye kwamba alitoka pale ana hasira mara mbili, kwa kuwa kijana hamwelewi, na kwa kuwa alichosema kilikuwa na maana.

Kisha akaja kwangu. Nilikuwa napiga pasi shati la msibani.

"Emil, nibakie Alhamisi. Ni muda wa saa mbili au tatu tu. Sijawahi kukuomba kitu."

Ni kweli, hajawahi. Na mimi sikuwa mbebaji wa jeneza, sikuwa wa familia, na Verna hatukuwa tukizungumza sana zaidi ya theluji na takataka. Nilitaka tu kuwapo. Nilitaka kukaa ukumbini na wenzangu wa kiwandani, kula na kupiga soga. Lakini sikusema hivyo.

"Saa tano asubuhi, Arlene? Mama wee, acha hizo! Funga mlango, uje kanisani kama binadamu wengine."

"Nimewajazia fomu watu wangapi waliofunga mlango tu? Wanakuja wanalia mbele yangu. Si televisheni wanayolilia, Emil. Ni pete, ni saa ya baba, ni kisanduku cha barua. Nitaimbaje kanisani na roho yangu iko kwenye kitasa?"

"Basi hiyo ni shida yako."

Nililisema hivyo hivyo, pasi mkononi. Akatoka bila kubamiza mlango.

Duane, kwa kumhurumia, akampa nusu ya alichotaka. Gari la maiti likitoka kanisani litapita Mtaa wa Sycamore, litakwenda polepole mbele ya nyumba, na Arlene atasimama kwenye dirisha la sebuleni amuage Verna hapo. Arlene alikubali kwa sababu hakuna aliyempa kingine. Alhamisi asubuhi nilimwona anaingia kwa Verna amevaa gauni lake jeusi na mkufu, kama anakwenda kanisani.

Misa ilikuwa nzuri. Watu waliimba. Karibu saa sita tukaondoka, taa za magari zimewashwa, mimi nikiwa gari la tatu. Tulipofika mbele ya nyumba ya Verna, gari la maiti likapunguza mwendo mpaka likawa kama limesimama. Sote tukatazama dirishani. Pazia lilikuwa wazi na hapakuwa na mtu. Tukangoja. Nyuma yetu mtu akaanza kupiga honi kidogo, kwa adabu.

"Amepitiwa na usingizi," nikasema, na garini wakacheka. Nina aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Baada ya chakula Duane aliniomba nimsindikize, nikambebea Arlene sahani ya chakula. Arlene aliuliza mara tatu sisi ni nani kabla ya kutufungulia. Duane akazunguka nyumba yote, akarudi anatabasamu.

"Kila kitu kipo. Umeona sasa, Shangazi? Ungekuja tu."

Arlene akanyoosha kidole mezani. Palikuwa na bakuli la kioo limefunikwa foili. Duane akalifunua, ndani hamna kitu.

Arlene alitueleza akiwa ameketi. Kengele ilikuwa imelia dakika kumi kabla ya saa sita. Mlangoni palisimama mwanamume wa makamo, koti safi, tai, amenyoa vizuri, na bakuli mikononi. Akatoa pole. Akasema mke wake amepika, na je, familia wote wako kanisani? Arlene akalipokea bakuli, akahisi ni jepesi, na mikono yake ikaliinua yenyewe kutazama chini, kwa mazoea. Chini hapakuwa na utepe wala jina. Palikuwa na kibandiko cha bei cha dukani. Alipoinua macho, yule mtu alikuwa ameshaingia, na anausukuma mlango kwa kisigino.

"Nikajifanya namwita mtu aliyeko ghorofani," Arlene alisema. "Nikasema, Emil, shuka upokee chakula! Kimya. Nikaita tena, Emil! Yule bwana akainua kichwa, anasikiliza dari. Akaniambia taratibu kabisa, Emil hasikii vizuri, eh? Nikaita mara ya tatu."

Hapo ndipo ngurumo za magari zikasikika nje. Gari la maiti, gari la Duane, gari letu, na mengine yote nyuma, yamesimama mbele ya nyumba. Yule mtu, aliyekuwa ameshampita Arlene kuelekea jikoni, alichungulia dirishani juu ya bega lake, akaona msururu, akadhani familia imerudi. Akapita jikoni akatokea mlango wa nyuma, akaufunga vizuri kama mgeni mwenye adabu. Arlene alibaki ameganda, hajui kama ametoka kweli au yuko nyuma ya mlango. Magari yalipoondoka bado hakuwa amesogeza mguu.

Polisi alikuja, kijana mwenye daftari.

"Kimeibiwa nini, mama?"

"Hakuna."

"Mlango umevunjwa?"

"Nimemfungulia mwenyewe."

"Alikutisha? Alisema ana silaha?"

"Alinipa pole."

Kijana akaandika mistari miwili, akafunga daftari, akamshauri Arlene awe anafunga milango vizuri, hasa usiku. Nilimwona Arlene anafumbua mdomo, nikajua inakuja ile hotuba ya fomu na kisanduku cha saa. Akaufumba. Kijana akaaga, na Duane akaenda dukani kununua komeo la tatu.

Tukabaki wawili jikoni. Arlene akaanza kuosha mabakuli ya watu, bila kuyapindua kusoma majina.

"Duane alisema kweli," akasema, mgongo kwangu. "Ukiwa ndani ni usiku tu, hata saa sita mchana. Nimewacheka watu miaka thelathini na mmoja. Fomu haina kisanduku cha hilo."

Nikasema la kijinga. "Tulipita, Arlene. Tulikutazamia dirishani."

"Nilisikia gari. Nilijua ni Verna. Ningegeuka kumwangalia, yule mtu angejua watu wangu wote wako nje, ndani hamna Emil wala nani." Akafunga bomba. "Nimempa Verna mgongo."

"Arlene..."

"Nilikuita mara tatu."

"Nilikuwa garini."

"Najua ulikuwa wapi," akasema, akanirushia kitambaa nifute sahani.