Valvu ya Tipa

Chumbageni yote, pale Tanga mjini, inamjua Fundi Zubeiri, na yeye mwenyewe analijua hilo kupita kiasi. Ana miaka hamsini na saba, na zaidi ya nusu yake ameimaliza chini ya matipa, akifungua pampu, akibadilisha sili, akiwalaani madereva wanaotia mafuta machafu. Tipa ikigoma kuinua bodi, hata iwe imegomea Pangani, mwenyewe huambiwa ampigie Zubeiri kwanza. Kuna neno moja tu ambalo gereji yake haijawahi kulisikia likitoka kinywani mwake, nalo ni “sijui”. Watu walikuwa wakilicheka jambo hilo, na yeye akicheka nao.

Mwaka juzi aliitwa na Bwana Mathew, mwenye shamba la mitiki kwenye miteremko iliyo chini ya Amani, huko Usambara. Mathew alikuwa na tingatinga dogo, la zamani, lenye bapa la kusukumia udongo mbele na nyuma halina kitu. Mti ukiangushwa bondeni, tingatinga lilibidi liufuate huko huko, gogo lifungwe mnyororo, likokotwe hadi juu, na kwa matope ya kule mashine ilikuwa ikiteleza mpaka dereva anasali kwa sauti. Sasa Mathew alikuwa amepata winchi ya mtumba kutoka Japani, ngoma nzito ya chuma yenye waya mrefu uliosokotwa, inayozungushwa kwa nguvu ya mafuta. Ikifungwa nyuma, tingatinga lingesimama juu palipo pakavu, waya ungeshuka bondeni, na gogo lingevutwa hadi juu.

Zubeiri alifanya kazi ile siku nne, na tumpe haki yake, aliifanya vizuri karibu yote. Alichomelea kitako cha chuma kinene nyuma ya tingatinga, akaikaza winchi kwa bolti ambazo hata tembo asingezing'oa. Mafuta ya winchi aliyatoa kwenye pampu ile ile ya bapa, akavuta mipira yake kwa unadhifu, hakuna uliosugua chuma. Kilichokosekana ni valvu, kile kidude chenye mkono wa kuyaamrisha mafuta yaende au yasimame, maana winchi ilikuja bila hicho.

Ilikuja na kijitabu cha Kijapani. Ukurasa mmoja ulikuwa na picha mbili za valvu zilizopasuliwa katikati kuonyesha njia za mafuta. Ya kwanza imezungushiwa duara, ya pili imekatwa kwa msalaba mwekundu. Zubeiri alizitazama muda mrefu na hazikumwingia, hakuona zinatofautiana wapi. Tahiri, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake na sasa ni fundi wa winchi bandarini, angemweleza kwa simu ya dakika mbili. Lakini mwalimu amwulize mwanafunzi? Alikifunga kijitabu, akakisukuma chini ya kiti cha dereva, akaifunga valvu ya tipa aliyokuja nayo kutoka gereji. Aliiamini valvu ile. Kwenye tipa, ukiuachia mkono wake inayafungia mafuta ndani, na bodi inabaki juu na kifusi chake chote.

Dereva wa tingatinga alikuwa Timotheo, Msambaa mpole wa miaka hamsini na kitu, mzee wa kanisa katika usharika wa Kilutheri pale kijijini. Zubeiri alimkalisha kwenye kiti na kumfundisha.

“Vuta hapa, gogo linapanda. Ukitaka lisimame, achia tu mkono. Litakaa.”

“Hata kwenye mteremko, fundi?”

“Mimi ndiye ninayekwambia.”

Wiki mbili za kwanza magogo yalipanda bila kusimama njiani. Wiki ya tatu, gogo kubwa lilipofika katikati ya mteremko lilikwama kwenye kisiki. Timotheo aliachia mkono, kama alivyofundishwa. Miraji, mfunga magogo, baba wa watoto wawili, alishuka na mtaimbo akaingia chini ya gogo ili alibandue. Alipolibandua tu, gogo lilirudi bondeni na waya wake, na likapita juu ya mguu wake wa kulia. Mfupa ulivunjika vipande vipande.

Zubeiri aliitwa kutoka Tanga kuikagua mashine. Wafanyakazi walisimama duara, Mathew katikati yao, Timotheo pembeni kofia mkononi. Zubeiri aliuvuta waya ukiwa mtupu, kwenye tambarare, akaachia. Ngoma ikasimama palepale. Akarudia mara tatu, na mara zote tatu ikasimama.

“Fundi, waambie,” Timotheo alisema. “Niliachia mkono vile vile ulivyonifundisha.”

Macho yote yalimgeukia Zubeiri. Moyoni zilimpitia zile picha mbili, ya duara na ya msalaba. Zilipita haraka na yeye akazisaidia zipite.

“Mashine haina tatizo,” alisema.

Maneno matatu, na yalitosha. Siku moja kabla ya ajali wakwe watarajiwa walikuwa wamekuja kwa Timotheo kumposa binti yake, Precious, na kwa desturi za Usambara dengelua, ile pombe ya miwa, haikukosekana. Timotheo alikipokea kibuyu kwa heshima ya wageni, akakipitisha bila kuonja. Baada ya “mashine haina tatizo”, waliomwona akikishika walikumbuka kwamba alikunywa, na ambao hawakuwepo walikumbuka zaidi. Mathew alimwachisha kazi. Usharika ulimvua uzee wa kanisa ukamtenga, asishiriki meza ya Bwana mpaka atakapoungama. Timotheo alikataa. Alisema hana la kuungama, akawa anakaa nje ya dirisha la kanisa kila Jumapili, akiimba nyimbo kutoka hapo.

Miezi miwili ikapita. Siku ya Idi, Tahiri alikuja kumwamkia mwalimu wake, wakakaa kwenye mkeka na sinia la pilau. Zubeiri akalichomeka swali lake katikati ya maongezi, kama jambo lisilo na maana.

“Kuna mtu mmoja, ati, amefunga winchi kwa valvu ya tipa. Hiyo imekaaje?”

Tahiri alicheka. “Huyo mtu ataua watu, fundi. Breki ya winchi inabanwa na springi. Mafuta yakiingia, inafunguka. Yakitoka, springi inabana. Sasa valvu ya tipa si inayafungia mafuta ndani? Basi breki inabaki wazi. Waya mtupu utasimama. Weka mzigo kwenye mlima uone.” Akachota pilau. “Hata kwenye vitabu vyao huwa wanaikata kwa alama nyekundu. Ni nani huyo?”

“Humjui,” Zubeiri alisema.

Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu akiwa mtoto. Ilimpanda shingoni hadi masikioni, na tonge lililokuwa mkononi likamshinda kulipeleka mdomoni. Alimtazama Tahiri akila kwa furaha na akaona kwamba amemficha hata yeye, mtu ambaye angemsamehe kabla ya sahani kuisha. Mkewe, Hasina, alimwuliza kama anaumwa, akajibu kwamba tumbo limejaa.

Wiki ile ile alipanda shambani na valvu ya sawasawa. Alimwambia Mathew kwamba ile ya mwanzo imechoka, anabadilisha tu. Akaijaribu kwenye mteremko na gogo zito, na gogo likakaa pale lilipoachwa. Mathew alimshukuru kwa kujali. Kisha, akikunja mikono ya shati, akatoa habari za kijiji.

“Na Timotheo amekubali kuungama. Jumapili hii wanamrudisha kundini. Mkewe, Ruthi, amelia sana, maana arusi ya Precious ni Jumamosi inayofuata, na baba aliyetengwa hawezi kumpeleka binti madhabahuni.”

Zubeiri aliondoka na valvu ya tipa kwenye mfuko wa nailoni. Njia nzima aliipanga Jumapili yake. Angefika mapema, angemwona mchungaji kabla ya ibada, angeiweka valvu mezani na kusema.

Jumapili ilipofika alitoka Tanga alfajiri na mapema, na hapo hakuwa na kisingizio. Lakini gari lilipofika Muheza alishuka kunywa chai. Alikunywa kikombe cha pili. Akakumbuka kwamba valvu ina grisi, akaomba maji na sabuni akaiosha, mpaka muuza chai akauliza anaipeleka maonyesho. Mtu mzima alikuwa akijichelewesha, na alijiona anavyojichelewesha, na hakuacha.

Alipofika, nyimbo zilikuwa zimeshaanza. Alivua viatu mlangoni kwa mazoea, akaingia, kisha akaona kwamba watu wote wamevaa vyao. Alikaa benchi la mwisho, soksi zake zikiwa zimetoboka kidoleni, mfuko ukiwa mapajani. Mbele, Timotheo alikuwa amesimama kwenye koti la suti lililompwaya, akiwatazama waumini.

“Mimi Timotheo,” alisema, “nilikunywa pombe, nikaendesha mashine nikiwa nimelewa, na mwenzangu akavunjika mguu. Naomba mnipokee.”

Aliyasema kama mtu anayesoma barua ya mwingine. Bado palikuwa na nafasi. Kabla mchungaji hajamwekea mikono kichwani, Zubeiri angeweza kuinuka. Aliushika mfuko kwa mikono miwili. Hakuinuka. Kanisa likaimba, na Ruthi akalia, na ikaisha.

Alimngoja Timotheo nyuma ya kanisa, karibu na tangi la maji. Alimwambia yote bila kujitetea: kijitabu, Tahiri, breki, ile siku aliyosema mashine haina tatizo. Alipomaliza akaitoa valvu. Timotheo aliipokea, akaigeuzageuza.

“Ndiyo hii?”

“Ndiyo.”

“Ndogo,” Timotheo alisema.

“Twende kwa mchungaji sasa hivi. Nitasema mbele ya wote.”

Timotheo alitikisa kichwa taratibu. “Ungekuja jana, fundi, ningekubeba mgongoni hadi kwake. Leo nimeshasema madhabahuni kwamba nilikunywa. Ukiinuka wewe sasa, mimi ni mtu aliyemdanganya Mungu mbele ya usharika mzima, na arusi ni Jumamosi. Uongo huu umekuwa wangu. Niachie.” Akamrudishia valvu. “Kuna mmoja tu. Miraji anaamini nilimvunja mguu kwa ulevi. Alikuwa rafiki yangu. Kamwambie yeye, atunze siri. Nyumba ya tatu baada ya daraja.”

Kabla Zubeiri hajaondoka, Ruthi aliwafuata na sahani, akawaambia akina mama waliokuwa naye kwamba huyu ndiye fundi aliyetoka Tanga mpaka huku kumwona mwenzake akirudi kundini, na dini yake nyingine. Wakampigia makofi. Zubeiri alipokea sahani kwa sababu hakujua namna ya kuikataa, na Timotheo akatazama pembeni.

Nyumba ya tatu baada ya daraja, Miraji alikuwa amekaa barazani, gongo lake la kutembelea likiwa ukutani. Alipomwona mgeni alilishika, akajikongoja mpaka akasimama wima kwa mguu mmoja na nusu, kama inavyompasa mdogo mbele ya mkubwa.

“Shikamoo, fundi,” alisema.

Zubeiri alifungua mdomo kuitika. Ni neno ambalo alikuwa akiliitika mara hamsini kwa siku, gerejini, barabarani, msikitini, na sasa halikutoka. Aliuweka mfuko wa nailoni barazani, katikati yao.

“Usiniamkie, Miraji,” alisema. “Kaa kwanza nikwambie.”