Zamu ya Mama Elibariki

Mwanangu, kiangazi kile bado nakikumbuka. Mimi mzururaji nilikuwa nimerudi Meru kupumzisha miguu, nikamkuta Nuru, binti wa dada yangu, ametengeneza programu ya kugawa zamu za maji ya mfereji wetu. Kwa kweli aliyeiandika ni akili mnemba. Nuru aliagiza, ikatoa, akaiwasha bila kuisoma. Watu wakaanza kupata ujumbe: zamu yako kesho, jibu ndiyo. Tulimsifu mpaka akaona haya.

Mara Mama Elibariki, mkulima mwenzetu wa mfereji huo, akafiwa na mumewe. Nani anashika simu matangani? Hakujibu, programu ikampa jirani zamu yake. Aliporudi shambani, kabichi zimelala. Na kwetu, mwanangu, nyumba yenye msiba haipitwi na maji. Majirani ndio humwagilia.

Mzee Elia, msimamizi wa mfereji, akamwita Nuru.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba. Nani aliamua mfiwa apitwe?”

“Si mimi, babu. Ni AI.”

“Huyo ni wa ukoo gani, tumwite kikaoni?”

Watu walicheka. Nuru alitazama chini, machozi yakimlengalenga.

Nikampandisha polepole kando ya mfereji. Ujanani, babu yangu hakuniruhusu kufungulia maji kabla sijaukagua mfereji mzima hadi kwenye banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni, kila tundu la fuko nilione. “Maji hayaulizwi,” alikuwa akisema. “Anaulizwa aliyeyafungulia.”

Nilipomweleza hayo, Nuru akaketi juu ya jiwe, akafungua kompyuta, akaisoma programu mstari kwa mstari. Asipoelewa, anaiuliza mashine yenyewe.

“Anko, sikuiambia habari za msiba. Ingejuaje?”

Akarekebisha, akashuka kumwomba radhi Mama Elibariki. Jioni jirani aliirudisha ile zamu. Kabichi nyingine zilinyanyuka, nyingine ndiyo basi tena. Mama alimkumbatia tu binti yetu.

Kwa hiyo sikukatazi kuitumia akili mnemba, mwanangu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mpe, lakini mwonyeshe mipaka, kisha kagua alipolima. Usiwape watu kitu usichoweza kukieleza, na kikiharibika sema, “Ni mimi.”

Mungu akuzidishie akili na subira, akuweke karibu na wanaokupenda kiasi cha kukukemea. Nenda salama.