Mtaro Uliochimbwa na Mtu Mmoja

Alhamisi, tarehe nane Aprili. Mvua asubuhi, halafu jua kali mpaka jioni.

Leo vijana wa barabara wamechimba mtaro mbele ya nyumba yangu hapa Busia, wakitaniana kwa sauti. Walipofikia udongo wa chini, ule wa kijivu unaonuka kama chuma kilicholala majini, niliacha kufua. Harufu ile naijua tangu nilipokuwa na miaka tisa. Mniwie radhi nikikosea mahali. Shule niliishia darasa la nne, na kumbukumbu yenyewe ni ya mtoto.

Tulikaa upande wa Tororo, mama na mimi. Baba alikuwa dereva wa lori. Alivuka kwenda Kenya na mzigo, na wanajeshi walipozidi kuzishika barabara, hakurudi. Mama alijua Kidhopadhola tu, lugha ya kwetu. Kiswahili mimi nilikiokota kwa wenzake baba waliokuja kula kwetu.

Juu ya kijito chetu kulikuwa na shimo kubwa, Wazungu walilichimba zamani wakitafuta mawe. Wengine walisema ni urani, jiwe la bomu, wengine walisema shaba. Mimi sijui, na sitaki kusingizia. Ninachojua ni kwamba mvua ikizidi shimo lilifurika, na maji yake yakateremkia kijitoni. Yalikuwa maangavu kuliko maji yote niliyowahi kuyaona, nami niliyapenda. Mama aliyaogopa.

"Maji yasiyolea chura hayalei mtu," alisema.

Ng'ombe waliokunywa pale walitupa mimba. Na kijito kingine hatukuwa nacho.

Basi ukaanza mtaro wa kuyageuza maji ya shimo yaelekee kwenye mawe, mahali pasipokaa mtu. Ndivyo tulivyoambiana. Hakuna aliyekwenda kuuliza nani anakunywa ng'ambo ya mawe, na hilo linanichoma mpaka leo.

Ilikuwa kazi ya kijiji kizima. Lakini siku zile watu wakikutana na majembe waliitwa waasi. Wanaume waliokusanyika kufyeka njia ya kanisa walipakiwa kwenye lori, hatukuwaona tena. Kwa hiyo kila Jumatatu mama alichimba peke yake, nami nilikaa juu ya kifusi nikichambua mizizi, bila mtu wa kucheza naye. Jirani yetu, Mama Othieno, alipita na kuni kichwani, shingo imekakamaa, asitupe hata pole. Kwetu hata mgeni asiyekujua hukupa pole ukilima. Na majirani wengine walikuwa vivyo hivyo. Niliwachukia wote. Kila tuliporudi, mtaro ulikuwa mrefu kuliko tulivyouacha. Nilidhani mvua inatusaidia kuukata.

Jumatatu moja mama alikuwa ameingia kwenye matete kukata fito, ndipo askari wawili wakatokea. Mmoja aliupiga mtaro kwa buti.

"We toto! Nani nachimba handaki hapa?"

"Si handaki. Ni mtaro wa maji. Mama ndiye anachimba."

"Na nani?"

"Peke yake."

"Usidanganye. Watu ngapi nakuja na jembe?"

Hapo uchungu wangu wote ukafunguka. "Hakuna! Watu wa hapa wana roho mbaya. Yule Mama Othieno anapita hapa kama hatupo! Hata pole hasemi!" Nikalia kwa hasira, kamasi na machozi pamoja.

Waliangaliana. Yule wa pili akacheka. "Kumbe iko kama kwetu. Ambia mama yako atafute jirani ingine." Wakaenda zao.

Mama alitoka kwenye matete, akaniuliza wamesema nini. Nilimtafsiria kila neno, kwa fahari. Aliketi kwenye tope.

"Umesema hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo, mama."

Akanishika kichwa kwa mikono yake ya udongo.

Serikali ile ya wanajeshi ilipokwisha kuanguka ndipo mama aliponieleza. Kila nyumba ilikuwa na siku yake, jembe moja, mtu mmoja, na mwiko wa kumsalimu unayemkuta akichimba. Jumanne ilikuwa ya Mama Othieno.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungelazimika kuwadanganya wale askari. Na wewe kudanganya hujui."

Vyura walirudi baada ya misimu miwili. Sisemi ni kwa ajili ya mtaro tu, maana mvua nazo zilikuwa nzuri. Wazee wengine walinishukuru, nami naona sistahili. Sikumwokoa mtu kwa kukusudia, nilikuwa nawasema vibaya. Upweke wangu ulikuwa wa kweli, ingawa sababu yake haikuwa kweli.

Jioni ya siku ile ya askari, mimi nikiwa bado sijui lolote, tulikula ugali wa wimbi na majani ya kunde yaliyoungwa kwa simsim. Mama alipakua sahani ya kwanza, akaijaza kuliko zetu, akanituma kwa Mama Othieno. Niliiweka mlangoni pake bila salamu, nikarudi kula.