Sahani ya Agatha

Somo wa jumuiya yetu ni Mtakatifu Agatha, na sikukuu yake ni tarehe tano Februari. Padre alituambia kwamba huko alikozaliwa Agatha huo ni wakati wa baridi, watu huenda kanisani wamejitanda mablanketi. Kwetu Busia, upande wa Uganda, Februari ni jua la kupasua kichwa, na vumbi la malori yanayosubiri kuvuka mpaka hutua hadi kwenye kikapu cha sadaka. Siku mbili kabla yake tunawekewa mishumaa kooni kwa ajili ya Mtakatifu Blasi, aliyemwokoa mtoto aliyekwamwa na mfupa wa samaki. Kwa kuwa sisi ni watu wa samaki, siku hiyo hakosi mtu.

Halafu anakuja Agatha, na maandazi.

Maandazi yalitokana na bendera. Zamani wanawake wa jumuiya walimpelekea fundi wa kuchora vibao vya maduka, upande wa Kenya, kadi ndogo iliyochakaa ya mtakatifu, awachoree bendera ya kubeba mbele ya maandamano. Kwenye kadi Agatha ameshika sahani, na juu ya sahani kuna vitu viwili vya mviringo. Fundi akauliza ni nini. Wakatazamana, wakacheka wameziba midomo, hakuna aliyetaka kumtajia mwanamume. Basi akachora maandazi, ya rangi nzuri kabisa, kama yametoka kwenye karai sasa hivi. Miaka ikaenda, waliojua wakahama au wakafa, na waliobaki wakawa wanapika maandazi kila sikukuu na kuyapeleka yabarikiwe, ati kwa sababu somo wetu aliwalisha maskini. Mimi mwenyewe nimeyakanda. Tena mimi ndiye niliyekuwa mbeba bendera, kwa kuwa ni mrefu na sina haya, na kazi hiyo niliipenda kuliko nyingine yoyote kanisani.

Kisha nikakatwa titi la kushoto. Saratani. Nalitaja neno lenyewe, maana nimechoka na watu wanaosema “ule ugonjwa”. Wodini, hospitali ya Tororo, sista muuguzi aliniuliza somo wa jumuiya yangu ni nani. Nilipomtajia Agatha aliniangalia vizuri, akauliza kama naijua habari yake. Nikamweleza ya maskini na maandazi. Alicheka mpaka akakaa kitandani kwangu, halafu akanisimulia.

Agatha alikuwa msichana wa Sisilia. Liwali mmoja alimtaka, naye akamkataa, akasema yeye ni wa Kristo. Liwali akamtia gerezani na kuamuru akatwe matiti. Ndiyo hayo yaliyo kwenye sahani. Na hadithi inasema msichana alimwuliza yule mwanamume: huoni haya kukata kile ulichonyonya kwa mama yako? Hapo nililia kwa mara ya kwanza tangu nifike hospitalini, na hayakuwa machozi ya huzuni. Nilikuwa na hasira. Miaka yote ile nimembeba mwanamke huyu mbele ya watu, na hakuna aliyeniambia.

Nilirudi nyumbani wakati wa maandalizi ya sikukuu. Mwenyekiti wetu, mama wa makamo aliyeolewa hapa kutoka Mwello na kukiokotea Kiswahili sokoni, akaja kuniona na mkungu wa ndizi na maneno matamu.

“Mama, mwaka huu wewe napumzika. Bendera nabeba mwingine.”

“Mkono wangu umepona.”

“Si mkono. Watu naangalia wewe hapo mbele, upande moja iko, upande moja hakuna. Hawaombi tena.”

Alikuwa ameniletea pia sidiria yenye sponji, ameishona mwenyewe. Ilikuwa kazi safi, sikatai. Niliirudisha kwenye kikapu chake.

“Hiyo sivai. Bendera nabeba mimi. Na sahani itachorwa upya.”

“Inachorwa nini?”

Nikamwambia. Akaruka kitini kana kwamba nimemmwagia maji.

“Mbele ya watoto? Mbele ya Padre?”

“Jirani zetu somo wao ni Mtakatifu Lusia, yule wa Desemba. Macho yake yako kwenye sahani, yanakutazama. Umewahi kusikia mtu akisema ni mayai?”

Akabeba kikapu chake, akatoka. Jioni ile nikasikia kazi yangu ameshampa mwanamke mwingine. Ila bendera yenyewe ilikuwa kwangu, chini ya godoro, na kesho yake nikavuka nayo mpaka.

“Mathe, hiyo siwezi chora,” fundi akasema. Sasa ni mzee, lakini brashi bado anaishika. “Wasee wa mtaa watanicheka.”

“Umechora kichwa cha mbuzi kwenye kila bucha ya mji huu na hakuna aliyekucheka. Chora.”

Akachora. Na alichora kwa heshima, nampa haki yake.

Siku ya sikukuu nilivaa sare ya kitenge bila kujaza kitu ndani. Yule aliyepewa kazi yangu aliponiona nimeshika bendera alirudi nyuma. Wenzangu wakanizunguka, huyu mbele, huyu ubavuni, ili nisionekane. Walidhani wananisitiri. Niliongeza mwendo, nikawaacha. Getini vijana wa bodaboda waliitazama bendera, wakatazama kifua changu, mmoja akaguna. Nikamkazia macho mpaka akageukia pikipiki yake.

Kwa desturi yetu, kabla ya baraka ya mwisho mtu wa jumuiya husoma habari za somo. Mwenyekiti alishakunjua karatasi yake ya maskini. Nikamtangulia kwenye kipaza sauti.

“Ndugu zangu, haya si maandazi,” nikasema nikionyesha sahani kwenye bendera, nikawaeleza yote, mpaka liwali na kisu chake. Kuna waliocheka mwanzoni. “Hadithi inasema usiku ule Mtakatifu Petro alimtokea gerezani, akamrudishia matiti yake. Mimi hakunijia mtu. Nimekuja hivi hivi mnavyoniona, na sioni haya. Mficha maradhi, kifo humuumbua.”

Padre hakunikatiza. Alisubiri nirudi mahali pangu, akatoa baraka.

Baadaye nilikuwa nyuma ya kanisa naosha vyombo, mwenyekiti akaja. Nikajua ugomvi umefika, nikajiandaa. Aliangalia huku na huku, akaushika mkono wangu ukiwa na povu, akaupeleka ubavuni mwake, chini kidogo ya kwapa. Vidole vyangu vikakuta kitu kigumu, sawa na kokwa la parachichi.

“Tangu lini?”

“Tangu tunavuna mtama.”

“Na ukaninyamazia? Umekaa ukanishonea sidiria, na hili unalo?”

“Mimi naogopa, dada yangu.”

Sikumwonea huruma. Nilimkasirikia kwa sababu nampenda, na kwa sababu najua mavuno ya mtama ni ya lini: nusu mwaka umepita.

“Chukua mkoba wako. Magari ya Tororo bado yapo.”

“Leo? Leo ni sikukuu ya somo. Wageni bado nakula.”

“Ndiyo maana,” nikamwambia, nikaanza kumfungua aproni mgongoni.