Dume Linalozurura

Bwana mifugo wa mtaani kwetu Katandala humshika paka kwa vidole vitatu, kile kidogo kikielea juu kama cha mtu anayekunywa chai ugenini. Tangu ruhusa ilipotoka kila mtu auze dawa, anauza za kwake barazani, na kila mwezi hupanda lori hadi Kasesya, mpakani, kufuata mzigo. Hukaa siku nne. Hurudi na chupa moja.

Kabla ya kusema hukohoa kwanza. "Hiki kirusi kinamaliza kinga ya paka," huwahubiria kina mama. "Binadamu hakimpati. Wanaambukizana kwa kung'atana, na wanaokisambaza ni madume wanaozurura. Mfungieni dume ndani!" Hayo huyatamka kwa sauti ya mimbarini. Ila ukimtajia UKIMWI wa watu, sauti hushuka, unakuwa "ule ugonjwa," na macho yake huhamia kwenye dawa ya kupe.

Juzi, bwana mifugo akiwa ndiyo kwanza ameshuka kwenye lori, Mama Justa alimletea dume lake, fizi nyekundu, mbavu nje.

"Huyu mnamwacha azurure?"

"Hupotea siku tatu, nne, baba. Akirudi, amekonda."

Bwana mifugo akakohoa. "Basi damu yake lazima ipimwe."

Mkewe alikuwa kizingitini akipepeta ulezi. Ungo ukatulia.

"Ya yupi?" akauliza.