Sungura wa Sikio Moja

Natengeneza wanyama wadogo wa kukaa kwenye kiganja: dubu na sungura. Sungura kila mtu anamjua. Dubu hapa Mpwapwa hakuna aliyemwona, wala aliyesimuliwa na bibi yake kwamba aliwahi kumwona. Namtengeneza kwa sababu mama mwenye duka kule Dodoma mjini, anayeninunulia kazi zangu, aliniambia watoto wa siku hizi wanazaliwa wanamkuta dubu kitandani. Akanitumia picha kwenye simu. Simu yangu ilikuwa na ufa katikati ya kioo, na ufa ulipita juu ya uso wa yule mnyama. Dubu wangu wa kwanza walitoka na pua iliyopinda, nikidhani ndivyo walivyoumbwa.

Mwili naufuma kwa uzi na ile sindano yenye ndoano, duara juu ya duara, kuanzia utosini. Nikishajaza pamba nahamia usoni, na hapo ndipo inapohitajika sufu. Unaweka kibonge cha sufu mahali pa shavu, unakichoma kwa sindano ndefu yenye vijino, unachoma na kuchoma, mpaka nyuzi zinashikana na shavu linakuwa gumu. Mwisho nashona mikono, macho ya shanga na masikio. Masikio ya sungura nayaacha nyuma ya vyote, kwa kuwa ndiyo yanayompa tabia. Yakisimama ana umbea, yakilala ana mawazo.

Sufu nilihangaika nayo. Mama mkwe wangu anakaa Gulwe, si mbali na reli. Aliposikia natafuta manyoya ya kondoo hakuuliza mara mbili. Alimkamata kondoo wake, akamnyoa kwa wembe mgongo mzima, akanitumia nywele zote kwa bodaboda kwenye mfuko wa sukari. Nilichoma mchana kutwa. Hazikushikana hata kidogo. Kondoo wetu wa huku wana nywele kama za mbuzi, na nywele ukizichoma zinatawanyika tu. Sikumwambia. Nilinunua masweta ya mitumba, yale ya sufu yenyewe, nikayachana na kuyachambua kwa kitana cha chuma. Yule kondoo alitembea mgongo wazi wiki nyingi, na watu wa Gulwe wakawa wanauliza anaumwa nini.

Nilipopata mimba niliamua kutengeneza dubu na sungura wasioenda dukani. Mama mkwe alikuja kukaa nasi mimba ilipokomaa, akamkuta dubu amelala juu ya shuka za mtoto. Akamshika kwa vidole viwili.

"Huyu ni pimbi," alisema.

"Ni dubu, mama."

"Mwanangu, mimi nimekulia chini ya kilima. Pimbi nawajua. Huyu ni pimbi, tena aliyeshiba."

Mume wangu alicheka mpaka akatoka nje. Kweli alifanana na pimbi. Na mkono wake mmoja ulikuwa umelegea, unaning'inia kwa uzi, nikasema nitaukaza nikishamaliza sungura. Sungura naye alikuwa ameshapata sikio moja wakati uchungu uliponianza.

Mtoto alizaliwa asilie. Alikuwa wa kike. Muuguzi alinionyesha uso, akamfunika, na nikakumbuka kwamba nilikuwa nimeacha maji jikoni kwenye ndoo bila mfuniko. Hilo ndilo lililonijia kichwani, ndoo.

Kwetu mtoto wa namna hiyo hawekewi matanga. Wazee wa kike wanamchukua, wanamzika kimya kimya, na mama yake haendi. Mama mkwe alimpeleka Gulwe pamoja na wanawake wengine wawili, mimi nikiwa bado wodini. Niliporudi nyumbani chumba kilikuwa kimefagiliwa. Nguo za mtoto hazikuwepo, wala shuka, wala beseni jipya. Ndivyo inavyofanywa, mzazi asirudi akakutana navyo. Jirani yangu alileta uji, akakaa pembeni ya kitanda.

"Mtoto asiyelia haliliwi, mwenzangu. Mungu atakupa mwingine."

Nikamshukuru kwa uji. Ulikuwa mzuri, umetiwa karanga.

Na kweli sikulia. Watu walinisifu kwamba nina moyo. Moyo gani? Nilikuwa nimekufa ganzi. Nilipika, nilifua, niliitikia salamu za watu. Maziwa yalinijaa na kuniuma, na hata maumivu yale niliyaona kama ya mtu mwingine anayenisimulia. Nilirudi kazini mapema kuliko nilivyoruhusiwa, maana mikono haikuwa na habari na mambo ya tumbo. Siku moja nilikuwa nachoma shavu la sungura mweupe nikaona sufu imekuwa nyekundu. Nilikuwa nimejichoma kidole muda mrefu na sikuhisi. Nikakata ile sehemu, nikaweka sufu nyingine.

Sungura wangu wa sikio moja, waliosafisha chumba walikuwa wamemsahau. Nilimkuta ndani ya kopo la maziwa ya unga ninamowekea nyuzi. Lakini dubu hakuwepo. Nilitafuta chini ya kitanda, nyuma ya kabati, kwenye gunia la nguo chafu. Nguo za mtoto kuondolewa nilielewa, hata beseni nilielewa. Dubu hakuwa nguo. Nilimwona katika mawazo yangu akiburutwa vumbini na mtoto wa mtu, mkono ule mbovu umeshang'oka, au ametupwa kwenye moto wa takataka. Katika mambo yote yaliyopita, jambo moja tu nililitaka kwa nguvu: kujua dubu yuko wapi.

"Muulize mama," mume wangu alisema.

Ni rahisi kwake, ni mama yake. Mkwe humuulizi alichokitoa chumbani mwako siku kama ile. Ukimuuliza ni kama unamwambia alikuibia. Nilimpigia simu kila baada ya kanisa, nikampa shikamoo, nikamuuliza habari za mvua na za kondoo, nikakata. Kila nikikata nilizidi kumkasirikia. Hasira ndiyo pekee iliyopenya kwenye ile ganzi, na nilikuwa naitunza.

Kuhusu dubu wa dukani, sikuweza. Mwenye duka alipiga kulalamika kwamba wateja wanataka jozi, namletea sungura watupu kama nafuga. Nilianza dubu mara kadhaa. Kichwa kinakwenda vizuri, mwili unakwenda vizuri, nikifika kwenye mkono naweka chini. Nikamwambia uzi wa kahawia umeadimika.

Karanga zilipokomaa nilikwenda Gulwe kusaidia kuvuna. Kopo langu la kazi nilikuwa nalo, huwa haliachwi nyumbani. Tuling'oa asubuhi, na jua lilipokuwa kali tukakaa kwenye kivuli cha ukuta tukipepeta za awali zilizokwisha kubanguliwa, mimi na mama mkwe, kila mtu na ungo wake. Kondoo alipita mbele yetu, nywele zake zimesharudi. Mama mkwe alimtazama, kisha akalitazama kopo.

"Siku hizi hutengenezi pimbi?"

"Dubu, mama. Hapana. Sungura tu."

"Kwa nini?"

Sijui kilichonisukuma. Labda ni uchovu. Nilisema bila kumtazama: "Yule uliyemkuta chumbani mlimpeleka wapi?"

Alipuliza maganda kwenye ungo, akachagua karanga mbovu, akazitupia kuku. Nikadhani nimeshaharibu, na nikaona sawa, acha iharibike.

"Si anaye mwenyewe," alisema.

"Nani?"

"Mtoto. Nilimweka naye."

Alisema kama mtu anayeeleza alipoweka ufunguo.

"Wenzangu walikataa. Walisema hatuziki na vitu, tena kitu chenyewe pimbi. Nikawaambia mama yake amechoma mashavu haya kwa mikono yake mwenyewe, kazi yake naijua. Akienda mikono mitupu nani atamjua ni wa nani?" Akapepeta kidogo. "Tatizo lilikuwa ule mkono. Ulikuwa unataka kukatika. Nikawaambia wasubiri, nikaingia ndani kutafuta sindano. Sikutaka aende na kitu kibovu."

"Ulishona kwa uzi gani?"

Swali la kijinga. Lakini ndilo nililokuwa nalo.

"Mweusi. Ndio uliokuwepo. Nilijua ungekasirika, wewe na rangi zako. Ndiyo maana sikukuambia."

Niliwaona kichwani wale wanawake wawili wamesimama na mtoto wangu, jua linawapiga, wanasubiri mkono wa dubu ushonwe. Nikalia. Nililia kwa sauti, kamasi na yote, mbele ya mkwe, mchana, na watu wanapita njiani. Iliuma kila mahali kwa wakati mmoja, kidole, matiti, tumbo, kama mguu uliokaliwa ukianza kurudiwa na damu. Nilikuwa na binti. Nilimpenda. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

Mama mkwe hakuniambia ninyamaze. Aliniondolea ungo mapajani karanga zisimwagike, akauweka juu ya wake. Mtu mmoja akasimama njiani akauliza kuna msiba gani.

"Tumefiwa na mtoto," mama mkwe alimjibu. "Wa kike."

Yule mtu akavua kofia, akatupa pole, akaenda zake.

Nilipotulia mama mkwe alinionyesha mahali, nyuma ya zizi, kwenye minyaa, palipowekwa mawe. Tulikaa hapo mpaka kivuli kikahama. Kisha nikafungua kopo, nikamtoa sungura na sikio lake la pili, lililokuwa limeshafumwa na kukaa tayari muda wote ule. Uzi wake mweupe nilikuwa nao, mwingi tu.

"Mama," nilisema, "ule uzi mweusi bado upo?"